Wafu wa Chamazi wanahesabiwa wapi?

Mtu akifia nyumbani Mbande, katika kata ya Chamazi, Dar es Salaam, alfajiri, aghalabu hadi saa kumi jioni huwa ameshazikwa. Mjumbe wa nyumba kumi amepewa taarifa, mwenyekiti wa serikali ya mtaa amefika au ametuma salamu, turubai limefungwa, viti vya kukodi vimeshushwa, na daftari la rambirambi limeanza kuzunguka. Daftari hilo huandikwa kwa uangalifu: jina la aliyetoa, kiasi alichotoa, na kama ametoa mkononi au kwa simu. Kifo chenyewe ndicho ambacho mara nyingi hakiandikwi popote. Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo inataka kila kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, na kwa anayefia nyumbani safari ya karatasi inaanzia kwa ofisa mtendaji. Lakini familia nyingi humwendea ofisa huyo pale tu panapokuwa na jambo la kumpeleka: kuna mirathi ya kufungua, kuna mafao ya NSSF, kuna akaunti ya benki, kuna kiwanja kinachogombaniwa. Cheti cha kifo kimekuwa karatasi ya mali. Asiye na mali, na hasa mtoto mchanga ambaye hajapewa hata jina, anaondoka bila karatasi, na kata aliyoishi haina habari kwamba imempoteza.

Nadai kwamba hili ni tatizo la afya kabla ya kuwa tatizo la usajili. Kata kama Chamazi, ambayo ndani ya kizazi kimoja imetoka kwenye mikorosho na minazi ikawa mji wa nyumba za matofali zilizobanana, haiwezi kulinda uhai wa wakazi wake mpaka ijue kila mwaka wanakufa wangapi, wa umri gani, kwa maradhi gani, na kutoka mtaa upi. Tena hesabu hiyo lazima iwekwe pale marehemu alipoishi, hata kama roho imemtokea kwingine. Kwa sasa kifo cha mkazi wa Chamazi kinaonekana, kikionekana, katika vitabu vya Hospitali ya Temeke, vya Muhimbili, au vya kijiji cha Kilwa alikopelekwa kuuguzwa. Kwenye kata yake hakuna mstari wake.

Miji ya Uingereza ya karne ya 19 inafaa kutazamwa hapa kwa sababu iliwahi kukaa mahali hapa hapa tulipo, ikatoka. Watu walifurika kutoka mashambani kuliko nyumba, maji na vyoo vilivyoweza kuwabeba, na kwa muda mrefu kuhamia mjini kulimaanisha kuishi miaka michache kuliko aliyebaki kijijini. Usajili wa vifo wa serikali ulianza England na Wales tarehe 1 Julai 1837. William Farr, daktari aliyeshika kazi ya takwimu katika ofisi ya usajili huo, akaanza kupanga vifo kwa wilaya na kwa sababu, na London ikawa na orodha ya vifo ya kila wiki. Parokia ya mjini wakati huo ilikuwa zaidi ya eneo la kanisa: baraza lake lilitoza kodi, lilihudumia maskini na kutengeneza barabara, kazi ambazo kwetu zimegawanywa kati ya kata na manispaa. Kwa sheria ya mwaka 1855 mabaraza ya London yalilazimika kuajiri kila moja daktari wa afya ya umma, na daktari huyo alitoa kila mwaka taarifa ya vifo vya eneo lake, mtaa kwa mtaa, maradhi kwa maradhi. Kabla ya hapo kila mtu alijua kwamba London inaua. Ila kila baraza liliweza kusema wanaokufa ni wa jirani. Taarifa zile ziliwapa wafu anwani, na baraza lililokuwa na vifo vingi likakosa pa kujificha.

Nje ya London hesabu ilipewa nguvu ya kisheria. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1848 ilisema kwamba mji ambao vifo vyake, kwa wastani wa miaka saba, vinazidi 23 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka unaweza kuundiwa bodi ya afya hata kama wenyeji wake hawajaiomba. Farr aliendelea mbele zaidi: akachukua wilaya zenye afya nzuri kuliko zote, ambako vifo vilikuwa 17 kwa kila 1,000, akaifanya namba hiyo kipimo. Kila kifo kilichozidi hapo, alisema, kingeweza kuzuilika. Fikra hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana mara ya kwanza. Inaondoa kifo cha mjini kwenye majaliwa pekee na kukipeleka mbele ya baraza la madiwani, kwa sababu mtaa wa pili, wenye mvua ile ile na mbu wale wale, umepoteza watu wachache zaidi.

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuuliza haya yanamhusu nini, maana siku hizi mji unajulikana kwa hospitali, na ni kijijini ndiko mtu anakofia njiani akitafuta zahanati. Dhana hiyo ilikuwa kweli kwa miaka mingi, na ndiyo inayofanya takwimu za karibuni zishtue. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga, yaani wanaokufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, vilikuwa vingi mijini kuliko vijijini, karibu mara mbili. Watafiti waliochambua nchi 21 za Afrika, katika makala iliyotoka mwaka 2022, waliitazama Tanzania kwa karibu kwa sababu hiyo hiyo. Wakati huo huo nchi ilikuwa inapiga hatua ambazo hakuna wa kuzibeza: kati ya utafiti wa 2015–16 na ule wa 2022, vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000, na vifo vya uzazi kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Lakini vifo vya watoto wachanga vilitoka 25 vikafika 24. Chandarua, chanjo na dawa mseto vimemwokoa mtoto aliyekwisha kuvuka mwezi wa kwanza. Aliyezaliwa jana hajaguswa sana. Uingereza nayo ilipitia hivyo: mabomba na mifereji vilipunguza vifo vya watu wazima na vya watoto waliokwisha kukua, huku vifo vya watoto chini ya mwaka mmoja vikibaki karibu na 150 kwa kila 1,000 mpaka mwanzo wa karne ya 20.

Kwa nini mjini? Maelezo yanayotolewa ni zaidi ya moja, na yanavutana. Hospitali za Temeke, Amana na Mwananyamala zilipandishwa kuwa za rufaa za mkoa mwaka 2010, lakini wanawake wa Mbagala, Charambe na Chamazi hawakungoja rufaa ndipo waende. Wodi za uzazi zikalemewa, na mjamzito aliyeanza uchungu zahanati anaweza kufika hospitali kubwa akiwa amechelewa, kisha akapanga foleni na waliochelewa kama yeye. Wengine wanasema tofauti inatokana kwa sehemu na ukweli kwamba mama wa mjini hukitaja kifo cha kichanga kwa mhojaji kwa urahisi kuliko wa kijijini. Wengine wanatazama umri wa mama, au kazi ya kusimama siku nzima sokoni. Maelezo haya yanataka tiba tofauti kabisa. Kama tatizo ni msongamano hospitalini, fedha ziende kwenye vyumba vya upasuaji vya vituo vya afya vya pembezoni. Kama ni kuchelewa nyumbani, fedha ziende kwenye usafiri wa usiku na kwa wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii. Wastani wa “mijini” hauwezi kuamua kati yake, kwa kuwa ndani ya neno hilo mna Oysterbay na mna Kisewe ya Chamazi.

Hata wastani wa Temeke hauwezi. Sensa ya 2012 iliikuta Temeke na watu 1,368,881; ya 2022 ikaikuta na 1,346,674. Anayesoma namba hizo mbili bila kujua historia atadhani wilaya imepungua watu wakati kila mwenye macho anaona Mbagala ikifurika. Kilichotokea ni kwamba Kigamboni imekatwa ikawa wilaya peke yake, ikiwa na watu wake 317,902. Mpaka ulisogea na kigawanyo kikasogea nao. Na kata pia hugawanywa, mitaa huzaa mitaa. Ndiyo maana kiwango cha vifo kinachofaa kazi lazima kijengwe kutoka chini, kwenye shina la nyumba kumi na mtaa, ili mipaka ya juu ikibadilishwa hesabu iweze kupangwa upya bila kupotea.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba wafu wetu wanasafiri. Mfumo wa taarifa za afya, MTUHA, unahesabu vifo kwa kituo: ukifia Temeke, wewe ni kifo cha Temeke, uwe umetoka Chamazi, Mkuranga au Ubungo. Kituo kinahitaji namba hiyo kupima kazi yake, na ni sawa. Kwa kata haina msaada. Halafu kuna Barabara ya Kilwa. Kusini mwa jiji kumejaa watu wenye asili ya Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara, na mgonjwa aliyechoka, hasa mwenye ugonjwa wa muda mrefu, mara nyingi hurudishwa nyumbani kwao kuuguzwa na mama au dada. Anafia huko, na anazikwa huko. Kinyume chake pia hutokea: mzee analetwa kutoka Kibiti akae kwa mwanawe Chamazi ili ahudhurie kliniki Muhimbili, na akifariki anaonekana kana kwamba Chamazi ndiyo iliyomuua. Jiji linaloagiza vijana wenye nguvu na kurudisha wagonjwa kijijini litaonekana lina afya nzuri kuliko lilivyo. Madaktari wa afya wa London walikutana na jambo hili hili, kwa sababu hospitali kubwa na nyumba za maskini zilikuwa katika parokia chache tu. Wakalitatua kwa kazi ya mikono: walitoa katika hesabu yao wageni waliofia kwao, wakaongeza wenyeji waliofia kwingine. Haikuhitaji mashine. Ilihitaji kila kituo kiandike makazi ya kawaida ya marehemu na kupeleka jina kule alikotoka.

Hapa sharti niweke tahadhari, kwa sababu hesabu mbaya inaweza kudhuru kama ukosefu wa hesabu. Edwin Chadwick, katika taarifa yake maarufu ya mwaka 1842 kuhusu usafi na maisha ya vibarua, alichapisha wastani wa umri wa kufa kwa tabaka. Bethnal Green, mashariki mwa London, waungwana walikufa kwa wastani wakiwa na miaka 45, wafanyabiashara 26, vibarua 16. Namba hizo zilitikisa nchi. Zilikuwa na dosari, na mtaalamu wa bima, F. G. P. Neison, aliionyesha mapema, mwaka 1844: wastani wa umri wa kufa unategemea mno umri wa watu waliopo, na penye watoto wengi utashuka hata kama afya ni ile ile. Kwetu mtego unafyatuka upande wa pili. Dar es Salaam ni jiji la vijana. Waliokuja kutafuta kazi wana miaka 20 au 30, umri ambao kifo ni adimu. Ukichukua vifo vyote vya Chamazi ukagawa kwa watu wote, utapata namba ndogo ya kufurahisha, na kiongozi yeyote anaweza kuisimamisha jukwaani. Ni lazima vifo vigawanywe kwa umri kwanza: kichanga, mtoto, kijana, mtu mzima, mzee. Bila hivyo ni afadhali kukaa kimya.

Maji yanaonyesha vizuri kile ambacho hesabu ya mahali inaweza kufanya. Kipindupindu kiliingia Tanzania katika miaka ya 1970. Mwaka 1997 kiliambukiza watu zaidi ya 40,000 na kuua zaidi ya 2,000. Na Agosti 2015 kililipuka Kinondoni kisha kikaenea nchini. Kila mara hatua ni zile zile: kambi ya wagonjwa, dawa ya kutibu maji, kufunga mama lishe na wauza matunda yaliyokatwa, kuhimiza kunawa mikono. Hatua hizo zinaokoa watu na sizipingi. Lakini tazama mtaa mmoja wa Chamazi. Vyanzo vikubwa vya maji ya jiji, Ruvu Juu na Ruvu Chini, viko kaskazini na magharibi. Kusini kulitegemea mtambo mdogo wa Mtoni kwenye mto Kizinga na visima, na ndiyo maana serikali imehangaikia visima virefu vya Kimbiji na Mpera. Nyumba moja ina bomba la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji. Ya pili inanunua kwa jirani mwenye kisima kirefu na tenki la juu. Ya tatu inaletewa madumu ya mkokoteni, na aliyejaza anajua peke yake amejaza wapi. Ya nne ina kisima kifupi uani, na uani huo huo, kwenye kiwanja cha hatua ishirini kwa ishirini, kuna choo cha shimo. Shimo likijaa na gari la kunyonya likashindwa kupita uchochoroni au bei yake ikamshinda mwenye nyumba, mvua kubwa ikipiga usiku kuna watakaotoboa na kutapisha, na asubuhi kilichotapishwa kiko kwenye mfereji, kwenye njia ya watoto wa shule, na baada ya siku chache kwenye maji ya chini ya ardhi.

Mwaka 1854 daktari John Snow aliukuta mtaa wa namna hii kusini mwa London. Kampuni mbili za maji ziliuza katika barabara zile zile: moja, Southwark and Vauxhall, ilivuta maji ya mto Thames mjini, penye uchafu; nyingine, Lambeth, ilikuwa imehamisha mtambo wake mwaka 1852 juu ya mto, kabla uchafu haujaingia. Majirani walikuwa wa hali moja, wakivuta hewa moja, wakitofautiana kwa bomba tu. Snow alichukua orodha ya waliokufa kwa kipindupindu, yenye anwani zao, akaenda mlango kwa mlango kuuliza maji yanatoka kampuni gani. Kwenye nyumba za Southwark and Vauxhall vifo vilikuwa 315 kwa kila nyumba 10,000; kwenye za Lambeth, 37. Husifiwa kwa akili yake, na anastahili, lakini asingeweza kitu bila karani wa vifo aliyemwandikia anwani. Fomu ya kifo cha kuharisha ya Chamazi ikiwa na kisanduku kimoja cha ziada, chanzo cha maji ya kunywa, kata itakuwa na jaribio la Snow bila kutuma mtafiti hata mmoja. Na huenda jibu likawa tofauti na tunalolitarajia: kwamba kisima kirefu cha mtu binafsi ni salama kuliko bomba linalokatika siku tatu na kunyonya uchafu likiwa tupu, au kwamba hatari iko kwenye dumu lenyewe. Ndiyo faida ya kuhesabu badala ya kukisia.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia ni la mtu wa vitendo. Tunajua wanachokufa nacho, atasema: malaria, kifua kikuu, UKIMWI, presha, kisukari, bodaboda, uzazi. Fedha ya kalamu na fomu ikanunue dawa. Jibu zuri kwake liko Rufiji, mwendo wa saa chache kwa basi kutoka Rangi Tatu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya pamoja na wafadhili wa Kanada, ulilinganisha bajeti za wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini na vile vifo vilivyoonekana katika maeneo yanayofuatiliwa kaya kwa kaya. Ikabainika, kwa mfano, kwamba Morogoro malaria ilibeba karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, nayo ilipewa asilimia 5 ya bajeti. Watu wa wilaya walikuwa wakijua malaria inaua. Wasichokijua ni ukubwa wake ukilinganishwa na mengine, na bajeti yao ilifuata mazoea na masharti ya wafadhili. Walipoipanga upya, kwa nyongeza ndogo ya fedha kwa kila mtu, vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa takriban miaka mitano. Mambo mengine nayo yalichangia, vyandarua vikiwa mojawapo, na hakuna haja ya kuipa karatasi sifa zote. Hata hivyo mtu wa vitendo ana kazi ya kueleza kwa nini wilaya ile ile, yenye watumishi wale wale, ilikuwa inatumia fedha mahali pasipo na vifo.

Pingamizi la pili linasema hesabu ipo tayari. Sensa ya 2022 iliuliza kila kaya kama imepoteza mtu, tafiti za kitaifa zinafanyika, na vyuo vina maeneo yao ya kufuatilia kaya. Ni kweli, na baadhi ya kazi hizo ni za kujivunia. Mradi wa kuchunguza vifo vya watu wazima ulioanza mwaka 1992 Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini ulionyesha, wakati macho yote yalikuwa kwa watoto, jinsi UKIMWI na kifua kikuu vilivyokuwa vikimaliza watu wa umri wa kufanya kazi. Na uliwezekana kwa mahojiano na wafiwa wenyewe, walioeleza dalili za marehemu hadi sababu ya kifo ikakisiwa kwa utaratibu. Mwaka 2011 lilianzishwa kundi la kaya la kufuatiliwa Ukonga na Gongolamboto. Lakini mradi una mwisho wake, fedha zikiisha madaftari yanafungwa, na Gongolamboto si Chamazi. Sensa inakuja baada ya miaka kumi, na ina upofu wake: mama anayelea peke yake akifa, watoto hugawanywa kwa shangazi na wajomba, chumba kinapangishwa, na karani wa sensa hakuti kaya ya kumweleza kwamba mtu alikufa humo. Vifo vinavyovunja nyumba ndivyo vinavyopotea kwanza. Mwaka 2020 pia haujasahaulika. Kuanzia Mei mwaka ule hadi katikati ya 2021 takwimu za UVIKO-19 hazikutangazwa nchini. Penye usajili kamili wa vifo, ukimya wa namna hiyo usingezuia mtu kujua, kwa sababu angelinganisha vifo vyote vya mwezi na vya mwezi kama huo mwaka uliotangulia. Sisi hatukuwa na cha kulinganisha.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu kuliko yote, nalo ni hofu ya mkazi. Anayeorodhesha leo anaweza kubomoa kesho, au kutoza kodi, au kuuliza hati ya kiwanja kilichonunuliwa kwa karatasi ya mwenyekiti na mashahidi wawili. Chamazi inaifahamu hofu hii kwa sababu imepokea waliohamishwa. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu wa Kurasini, sehemu ya walioondoka, wakiwa ndani ya shirikisho la maskini wa mijini na ushirika wao wa nyumba wa Muungano, walinunua ekari 30 Chamazi na kuanza kujenga. Na hapa ndipo jibu lilipo. Watu wale walijihesabu wenyewe kabla ya kwenda kuzungumza na serikali: kaya ngapi, wapangaji wangapi, wanalipa nini. Huko Chamazi waliweka mfumo wa majitaka unaosafishwa kwa bwawa la mimea, jambo ambalo mitaa mingi ya matajiri haina. Hesabu iliyofanywa na wakazi ikabaki mikononi mwao iliwapa sauti. Rejista ya vifo ya mtaa ikibandikwa kwenye ofisi ya mtaa bila majina, umri na sababu na mtaa tu, na ikasomwa kwenye mkutano wa hadhara pamoja na mapato na matumizi, inakuwa silaha ya mkazi dhidi ya diwani wake. Ikibaki kwenye kabati la mtendaji, hofu ya mkazi ina msingi.

Lipo na la nne, la anayesema Uingereza ilikuwa tajiri, tena kwa mali ya makoloni, na mabomba yake hayalingani na mfuko wa Manispaa ya Temeke. Kuhusu mabomba, nakubali. Kuhusu hesabu, sikubali. Watu wa kuifanya kazi hii wameshakuwepo kila mahali. Mwaka 2004 jiji lilianzisha mpango wa kudhibiti malaria uliotumia wakazi wa kawaida, wakipewa mashina ya nyumba kumi kumi kuchora ramani ya kila dimbwi lenye viluwiluwi. Mwaka 2006 wakaanza kupulizia dawa Buguruni, Mikocheni na Kurasini, kwa kufuata ramani hizo hizo. Kama shina linaweza kuweka kumbukumbu ya madimbwi kila wiki, linaweza kuweka kumbukumbu ya misiba. Na kuanzia Mbeya mwaka 2013, RITA, wakala wa serikali wa usajili, imethibitisha kwamba usajili wa kuzaliwa kwa watoto chini ya miaka mitano unaweza kushushwa hadi ofisi ya kata na kliniki, bila malipo, taarifa zikitumwa kwa simu. Mtoto amerahisishiwa kuingia kwenye daftari la taifa. Kutoka kwake hakujarahisishwa.

Pa kuanzia pawe kwa vichanga, maana ndiko takwimu za kitaifa zinakoonyesha mjini kumekwama na ndiko usajili unakovuja zaidi. Kichanga aliyekufa siku ya tatu mara nyingi hazungushiwi turubai wala daftari. Anazikwa na wanaume wachache wa karibu, na mama anaambiwa asilie sana, Mungu atampa mwingine. Wa kumjua ni muuguzi aliyemzalisha, mwanamke wa jirani aliyemwosha, na anayesimamia makaburi. Watu hao watatu wote wako ndani ya kata. Manispaa ikimlipa mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii awapitie kila mwezi na fomu ya ukurasa mmoja, yenye mtaa alioishi mama, mahali alipojifungulia, saa alizosafiri, na siku ambazo mtoto aliishi, basi baada ya mwaka mmoja Chamazi itajua kama vichanga vyake vinafia njiani, wodini au nyumbani baada ya kuruhusiwa mapema, na itaweza kwenda kwenye kikao cha bajeti ikidai gari, chumba cha upasuaji au mkunga wa zamu ya usiku, na kusema ni kipi kati ya hivyo vitatu inakihitaji kwanza.